Mashine ya Hamdi Haitoki Isiolo

Nianze na simu, kwa sababu simu zimenichosha. Haipiti wiki bila mtu kusimama mlangoni kwangu na simu iliyopasuka kioo, akiuliza kama yule daktari wa kompyuta wa hapo kando yupo. Wengine huleta redio. Juzi mama mmoja wa Bulapesa alileta pasi ya stima. Nikiwaambia kwamba Hamdi hatengenezi vitu vilivyoharibika, wananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayewanyima. "Sasa huyo ni wa kompyuta gani kama simu inamshinda?" Basi nimeamua kuandika. Atakayeniuliza tena nitampa hii asome akiwa amesimama hapo hapo mlangoni, na pasi yake mkononi.

Jina langu ni Kathambi. Nashona sare za shule hapa Isiolo mjini, na chumba anachofanyia kazi Hamdi Guracha kinapakana na karakana yangu. Kati yetu kuna ukuta wa mbao tu. Akikohoa nasikia, nami nikigombeza mafundi wangu anasikia. Tunajuana tangu sekondari ya wasichana, tulipolala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu na mimi chini. Yeye ni Mborana wa Kulamawe, mimi ni Mmeru wa huko milimani, na kila alfajiri akishuka kwenda kuswali alinikanyaga mkono. Aliniomba msamaha kila siku mpaka tukamaliza shule, na kila siku akanikanyaga. Hapo ndipo nilipomjua vizuri. Ana adabu nyingi mno, lakini akishashika njia yake haiachi.

Hamdi ni mtafiti. Kazi yake ni kufikiria namna kompyuta zinavyopaswa kuundwa kwa ndani, kabla hazijaundwa. Nilipomuuliza kwa mara ya kwanza hiyo ni kazi gani, hakunipa maneno ya kitabuni. Aliingia karakanani akasimama katikati ya cherehani.

"Mama Mawira," akaniambia, maana mwanangu wa kwanza ni Mawira, "hizi sare zote unaweza kushona peke yako?"

"Wewe unaota. Shule itafunguliwa watoto wako uchi."

"Kwa hivyo mnafanya aje?"

"Tunagawana. Huyu anakata, huyu anashika mikono, yule kola. Wote kwa wakati mmoja."

"Hiyo ndio kazi yangu," akasema. Kisha akanyoosha kidole kwenye ovaloki, ile mashine ya kupiga nyuzi pembeni ili nguo isifumuke. Ninayo moja tu, na hakuna kipande kinachotoka hapa bila kupitia hapo. Wakati huo mafundi watatu walikuwa wamesimama mbele yake na nguo mabegani, wakipiga soga. "Na hiyo ndio shida yangu."

Nikaelewa, na sikuhitaji digrii. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, kile kisehemu kinachopiga hesabu. Unaweza kuweka prosesa nyingi zigawane kazi moja kwa wakati mmoja, lakini zote zinachota tarakimu zake mahali pamoja, kwenye kumbukumbu ya mashine. Zikifika pale kwa pamoja, zinapanga foleni. Ukiongeza prosesa umeongeza foleni tu, kama vile mimi nikiajiri mafundi kumi wengine na ovaloki ikabaki ile ile.

Dawa yake Hamdi aliitoa kwao. Huko Kulamawe mifugo hunyweshwa kisimani kwa zamu, na zamu hiyo wenyewe huiita herrega. Kila mwenye mifugo anajua anamfuata nani na nani anamfuata yeye, na anajua hivyo kabla hajatoka nyumbani, kwa hiyo akifika hagombani na mtu. Juu ya zamu kuna adabu moja. Mpita njia akitokea na wanyama wenye kiu, wenyeji humpisha anyweshe kwanza, kwa kuwa wao wameshafika kwao na yeye bado ana safari.

Wataalamu wengine walikuwa wakiweka msimamizi, prosesa moja ya kuamua nani aingie na nani angoje. Prosesa zikiongezeka, msimamizi mwenyewe anageuka kuwa foleni. Hamdi alimwondoa. Katika chipu alizochora yeye, kila prosesa inajua zamu yake yenyewe, na ombi lililosafiri kutoka chipu nyingine linahesabiwa kuwa mgeni, nalo linapishwa. Huko Ulaya alikosomea shahada ya udaktari walimpigia makofi. Kampuni moja ya kuunda chipu ilimpa kazi kabla hajavua joho. Akakataa, akapanda ndege, akarudi Isiolo kwenye vumbi. Watu walisema amerogwa. Mimi nilimwambia ni mjinga, tena nilimwambia usoni.

Nilimwambia hivyo kwa sababu ya hasira, lakini sababu ya kurudi kwake nilikuwa naijua.

Hamdi alikuwa na kaka yake mkubwa, Ado. Ndiye aliyekuwa akimleta shuleni kwa pikipiki, anamshusha getini, kisha anaendelea mnadani na mbuzi aliyemfunga nyuma. Alikuwa mcheshi. Mimi alikuwa akiniita "mke wangu wa milimani" na nilikuwa nikimtukana vizuri. Mwaka wetu wa mwisho wa shule, Ado alishuka na mbuzi kwenye laga iliyo chini ya kwao. Laga ni mto mkavu. Mwaka mzima ni mchanga tu, na watu huupita, huchimba maji humo, hulaza mifugo humo. Siku ile jua lilikuwa kali na hapakuwa na wingu hata moja. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi mbali milimani, huko kwetu, mahali ambapo mtu wa Kulamawe hawezi kupaona. Maji yakashuka saa baada ya saa, yakafika laga mchana. Mbuzi walipatikana wamenasa kwenye miti. Ado alipatikana baadaye, mbali.

Mvua ile sisi nyumbani tulikuwa tumeiombea kanisani. Sijawahi kujua niweke wapi jambo hilo.

Redio asubuhi ile ilikuwa imetangaza kwamba mvua itanyesha sehemu kadhaa za Isiolo. Sehemu gani? Ukitoka hapa mjini uende Garbatulla, utoke Garbatulla uutafute mpaka wa kaunti, utakuwa umeota ndevu. Kujua laga ipi itajaa, na saa ngapi, kunataka hesabu nyingi kupita kiasi: kila kilima, kila mteremko, kila kijito, zote pamoja na kwa haraka, kwa sababu jibu likifika baada ya maji halina kazi. Mashine kubwa za kufanya hesabu hizo ziko nchi za mbali, na zinahesabu mabara. Hamdi alitaka mashine ndogo ya chipu nyingi, ikae Isiolo, itumie stima ya sola, ihesabu laga zetu peke yake.

Alipata wafadhili. Msimamizi wao alikuwa Bwana Gichunge, anakaa Nairobi. Chipu zilichorwa na Hamdi, zikaundwa ng'ambo, zikafika kwenye sanduku nililodhani ni la viatu. Nikachungulia, nikauliza, "Ni hizi tu?" Hamdi akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa na furaha siku hiyo, sijui kama nimewahi kumwona hivyo. Yeye na fundi wake, kijana mmoja mtulivu anayeitwa Mutea, walizipanga kwenye mabamba, wakaunganisha nyaya, wakafunga feni. Kisha wakawasha.

Zilipowashwa chache, zilifanya kazi. Wakaongeza, zikafanya kazi. Walipowasha zote pamoja, mashine ilikimbia kidogo halafu ikanyamaza. Haikuungua wala haikuzimika. Taa zake zilikuwa zinawaka kama kawaida, feni zinavuma, lakini hesabu zilikuwa zimesimama. Wakazima, wakawasha tena. Ikakimbia, ikanyamaza.

Mambo yakawa hivyo wiki baada ya wiki, hadi Bwana Gichunge akafunga safari kuja kuona. Nisimseme vibaya. Kwanza ni Mmeru mwenzangu, pili alikuwa ametumwa, na tatu aliona haya kusema alichotumwa. Alikunywa chai yangu vikombe viwili kabla hajaanza.

"Daktari, mimi si adui yako," akasema. "Lakini wakubwa wamechoka. Mwisho wa mwezi nakuja na lori. Kama hii kitu itakuwa haijafanya kazi, inapelekwa Nairobi. Huko kuna wataalamu wengi, watakusaidia."

"Huko Nairobi kuna laga?" Hamdi akauliza.

Gichunge akakuna kichwa. "Na nimesikia ile kampuni ya Ulaya bado inakutaka. Si uende tu? Hakuna mtu atakulaumu."

"Bwana Gichunge, nimekusikia, na nakushukuru kwa kuja mwenyewe badala ya kupiga simu. Lori uje nayo. Lakini hii mashine haitoki hapa."

Alisema kwa upole, hata akamsindikiza hadi kwenye gari. Aliporudi alipita mbele yangu bila kuniona, akaingia, akafunga mlango.

Ikiwa hujaelewa ubishi wake, mimi nilikuwa naelewa. Nairobi mashine ile ingepewa watu wengine na kazi nyingine, na laga ya Kulamawe ingekaa mwisho wa foleni milele. Hamdi naye angebaki na nini hapa? Angerudi Ulaya kuundia watu chipu za magari. Ado amekufa, na dada yake angekuwa ametajirika, na asubuhi nyingine redio ingetangaza mvua sehemu kadhaa.

Basi wakaingia kazini, yeye na Mutea. Walipima stima, wakapima joto, wakaifunika mashine kwa pazia langu kuzuia vumbi. Hamdi alisoma upya mistari yote ya programu, kisha akaisoma tena. Alikula akiwa amesimama. Nilimgombeza. Nilimwambia sitashona sanda, mimi ni fundi wa sare. Akanijibu, "Ngoja kidogo, Mama Mawira," na nikajua hajasikia hata neno. Mutea alianza kusema labda chipu zenyewe ni mbovu, labda ng'ambo wamekosea. Hamdi akakataa. "Zinafanya vile niliziambia," akasema. "Mimi ndio sijui niliziambia nini."

Simu za baba yake pia aliacha kuzipokea. Kwa hiyo siku moja asubuhi, lori likiwa limebakiza siku za kuhesabu kwa vidole, mzee Guracha akatokea mwenyewe kutoka Kulamawe. Hakuja peke yake. Alikuja na rika lake, mzee Bonaya, wote wawili na bakora zao na kofia safi. Waliniamkia, nikawajibu salaam yao, nikawaonyesha mlango wa Hamdi, nikaenda kuchukua chai. Nilirudi na birika mkononi, la moto, bila kitambaa, kwa sababu nilidhani ni hatua chache tu.

Wazee walikuwa bado mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, Hamdi yuko ndani amesimama kuwapokea, na hakuna aliyekuwa anaingia.

"Tangulia," mzee Guracha alikuwa akimwambia mwenzake. Kiborana changu ni cha sokoni, lakini hiyo nilielewa. "Wewe ni mgeni wangu, hapa ni kwa binti yangu."

"Hapana, tangulia wewe," mzee Bonaya akajibu. "Wewe ndiye mzazi. Nitaingiaje mbele yako?"

"Umetoka mbali."

"Wewe umetoka karibu? Si tulikuwa gari moja!"

"Haki ya Mungu siingii kabla yako."

"Basi tutakaa hapa."

Na kweli wangekaa. Kila mmoja alikuwa amerudi nyuma hatua moja ili kumpisha mwenzake, na mlango uko mtupu. Nyuma yangu akaja mtu na simu ya kutengenezwa. Birika likaanza kunila vidole.

"Wazee!" nikapiga kelele. "Heshima yenu itanichoma mkono! Mmoja wenu aingie!"

"Msiingie!" Hamdi akapaza sauti.

Binti kumwambia baba yake asiingie ni jambo la kuitiwa kikao. Mzee Guracha alimtazama kana kwamba amepigwa kofi. Hamdi alikuwa ameweka mkono mdomoni, macho yanaruka kutoka kwa mzee mmoja hadi kwa mwingine, kisha akamgeukia Mutea.

"Mutea, angalia mlango. Angalia hawa. Ziko hivi!"

"Nini ziko hivi?"

"Zote ni wageni. Nilifundisha kila moja kupisha mgeni, na hapa zote ni wageni. Hakuna mwenyeji. Zinasimama mlangoni zinaambiana tangulia, tangulia, mpaka kesho!"

Nilikuwa nimeshaweka birika chini, nikawa nanyonya vidole, lakini nilielewa. Alipokuwa Ulaya alijaribu wazo lake kwa chipu moja moja, ambako maombi mengi yalikuwa ya hapo hapo na wageni walikuwa wachache. Hapa Isiolo alikuwa ameunganisha chipu nyingi, na karibu kila ombi lilitoka chipu nyingine. Mgeni akakutana na mgeni, kila mmoja akarudi nyuma kwa adabu, na njia ya kwenda kwenye kumbukumbu ikabaki tupu huku kila prosesa ikingoja. Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa imelelewa vizuri kupita kiasi. Nani mwingine duniani angefanya kosa hilo? Wazungu wangeunda chipu za kusukumana. Sisi Wameru, nisijidanganye, tungeunda za kupita dirishani.

Hamdi akamsogelea baba yake, akainama, akambusu mkono. "Abba, nisamehe. Niulize kitu kimoja tu. Mara ya mwisho nyinyi wawili kuingia mahali pamoja, nani alitangulia?"

Wazee wakatazamana. "Mimi," akasema mzee Bonaya. "Arusini kwa Kanchoro. Alinilazimisha."

"Basi leo ni wewe, Abba."

Mzee Guracha akaingia huku akinung'unika. Mzee Bonaya akamfuata akitabasamu, kwa kuwa ameshinda. Na mimi nilipoinua birika nimimine, Hamdi alikuwa tayari ameketi mbele ya kompyuta, ameshatusahau.

Kilichobaki ni kazi, na kazi ilikuwa kubwa. Chipu zilikuwa zimeshaundwa, huwezi kuzichora upya. Lakini ndani ya kila moja aliacha nafasi ndogo ambapo programu inaweza kuandika nani ni mgeni na nani si mgeni. Mimi naiona kama lebo ya nyuma ya kola, ambayo unaweza kuibandua hata baada ya nguo kushonwa. Hapo ndipo alipoingilia. Akaweka sharti kwamba aliyeshakunywa mara moja si mgeni tena, na wageni wakikutana wengi, atangulie yule ambaye hajanywa kwa muda mrefu zaidi. Kila prosesa ikawa inakumbuka yenyewe, kama wale wazee na arusi ya Kanchoro. Msimamizi hakurudi.

Jaribio la kwanza, ikanyamaza. Akarekebisha. La pili likaenda mbali zaidi, likanyamaza. Mutea alikuwa amekata tamaa kabisa, nikamwona nje ameegemea ukuta. Hamdi hakutoka nje. Kupitia ukutani nilisikia vidole vyake kwenye kibodi, vinaacha, vinaanza. Mchana wa Ijumaa mafundi wangu wakiwa wameenda kula, nilimsikia akisema jambo moja tu kwa sauti ndogo, "Alhamdulillahi." Nikajua inakimbia.

Kabla ya kufika siku ya lori, niseme yale yaliyotokea baadaye, maana nikiyaweka mwisho yatauharibu. Hamdi aliandika makala kuhusu kosa lile na alivyolitengeneza, hakuficha kitu, hata mlango na wazee aliwaweka. Makala ikasomwa. Leo kuna waundaji chipu katika nchi ambazo siwezi kuzionyesha kwenye ramani, na wanatumia kanuni ile ile ya aliyekaa na kiu zaidi atangulie. Wanaiita Herrega, wanaitamka vibaya. Mmoja aliandika kuuliza kama Herrega ni profesa, na kama bado yuko hai. Hamdi alimjibu kwamba ni zamu ya kisimani, na kwamba ndiyo, iko hai. Watafiti wenzake wanasema hiyo ndiyo alama yake katika dunia ya kompyuta. Mimi sibishi. Lakini mimi nilikuwapo siku ya lori, na kwangu alama ni ile.

Lori lilikuja asubuhi likaegeshwa mbele ya karakana yangu, likaziba mlango wa wateja. Bwana Gichunge akashuka na wenzake wawili kutoka kwa wafadhili. Mzee Guracha naye alikuwa amekuja, amekaa kwenye kigoda changu kwenye kona ya chumba cha Hamdi, bakora kati ya magoti.

"Mmeiwasha?" Gichunge akauliza. "Iko sawa?"

"Iko sawa," Hamdi akasema. "Lakini sitaki kuwaonyesha taa. Nitaipatia mvua ya ukweli, mvua ya zamani. Vipimo vya milimani vya hiyo siku viliwekwa. Nitaipatia kila kipimo kwa saa yake, vile mvua ilikuwa inanyesha, isijue mbele. Tuone itasema nini, na itasema saa ngapi."

"Ni mvua ya lini?"

Hamdi alimtazama baba yake. Kisha akaitaja tarehe.

Mimi niliijua tarehe ile. Niligeuka kumtazama mzee, na mzee alikuwa ameinua kichwa. Hakuwa ameambiwa. Nilitaka kumpiga Hamdi, Mungu anisamehe, nilitaka kumshika mabega nimtikise. Lakini yeye alikuwa ameshapiga magoti mbele ya baba yake.

"Abba, naweza?"

Mzee aliweka bakora chini. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Ikawashwa. Kwenye kioo palikuwa na ramani ya nchi yetu, kuanzia milimani hadi chini Kulamawe, na vijito vyake vyembamba. Kwenye pembe palikuwa na saa ya siku ile, inakwenda mbio kuliko saa yetu. Feni zikavuma. Nilikuwa nangoja hesabu zisimame kama zamani, nimeukunja mkono wa sare niliyokuja nayo mpaka ukajaa makunyanzi. Hazikusimama. Kijito cha kwanza kikageuka buluu, kikafuata cha pili, vikaungana, vikashuka. Buluu ikaingia laga, ikateremka, ikafika pale chini ya kwao, ikasimama, na maandishi yakatokea.

Bwana Gichunge akavaa miwani akasoma kwa sauti. "Maji yatafika kivukoni saa nane mchana. Kina ni kupita kichwa cha mtu." Akavua miwani. "Na kweli yalifika saa ngapi?"

"Saa nane," akasema Hamdi. "Saa nane na kidogo."

"Na hii jibu, mashine imetoa saa ngapi? Kwa saa ya hiyo siku?"

Hamdi akaangalia pembe ya kioo. "Saa tatu kasoro robo. Asubuhi."

"Sema tena," mzee Guracha akasema kutoka kwenye kona.

"Saa tatu kasoro robo, Abba."

Mzee akatikisa kichwa polepole, akihesabu kitu chake mwenyewe.

"Saa tatu Ado alikuwa bado nyumbani," akasema. "Alikuwa anatafuta kiatu. Mama yake alikuwa anamcheka."

Nyuma ya mbao mafundi wangu walikuwa wameacha kushona. Nililia, sioni haya kusema, na Mutea akatoka nje. Bwana Gichunge alisimama kidogo akiwa na miwani mkononi, kisha naye akatoka bila kuaga. Tukasikia akiongea na dereva, na baada ya muda lori likanguruma, likarudi nyuma, likaenda zake likiwa tupu.

Hamdi alikuwa amekaa sakafuni, kichwa kwenye goti la baba yake. "Abba, wakati huo ilikuwa haiko," akasema. "Sikuwa najua kitu. Nilikuwa shule."

"Najua," mzee akasema, akamwekea mkono kichwani. "Sasa iko. Basi kesho iamke mapema."

Ikaamshwa saa kumi na moja alfajiri, na inaamka saa hiyo kila siku tangu hapo. Nikifika kufungua karakana naikuta inavuma nyuma ya mbao. Inapoona maji, Hamdi hupiga simu Kulamawe, na mzee Guracha, ambaye zamani hakuamini hata redio, hatazami mawingu kwanza. Huwatuma vijana watoe mifugo kwenye laga, kisha ndipo anaketi kunywa chai yake.

Kwa hiyo hapana, hatengenezi simu. Peleka yako kwingine.